Sekunde Kumi na Tisa

Jumatatu Osob alipofika ofisini alikuta meza ya Korane imefagiliwa. Miwani ya akiba, tasbihi, daftari lenye jalada jeusi, vyote havikuwepo. Hakuhitaji kuuliza. Ofisi ilikuwa vyumba viwili tu juu ya duka la vitambaa katikati ya mji wa Garissa, na Ijumaa alikuwa ameisikia sauti ya Salah, mwenye kampuni, ikipenya ukuta wa mbao: "Nenda nyumbani ukapumzike kwanza, Korane. Tukijua shida iko wapi, tutaitana." Mtu mzima akiambiwa akapumzike naye haumwi, anajua ameambiwa nini.

Shida yenyewe ilikuwa hii. Kampuni iliishi kwa mfumo mmoja walioutengeneza wenyewe wakauita Tiro, yaani idadi kwa Kisomali. Kazi ya Tiro ilikuwa kuhesabu wanaotembelea tovuti za watu. Ukifungua ukurasa wa bei za mifugo, au ukurasa wa shirika la misaada, Tiro huandika kimyakimya: mtu mmoja amefika, saa fulani, ukurasa fulani, kutoka upande fulani. Kisha mwenye tovuti huona kwa michoro ni kurasa zipi zinasomwa na zipi hazina wenyewe. Kwa miaka mitatu seva ya Tiro ilijibu upesi, nusu sekunde haifiki. Halafu, wiki chache baada ya Idd, ikaanza kuzubaa. Sekunde tatu. Sekunde nane. Sasa ilikuwa sekunde kumi na tisa, na wateja walikuwa wamepiga simu mpaka Salah akawa anaitazama simu yake kama mtu aliyeona nge kwenye mkeka.

Mtunza seva alikuwa Korane. Na ni Korane aliyeihamisha Tiro, miezi miwili nyuma, kutoka mashine kuukuu kwenda mashine mpya aliyoichagua mwenyewe. Basi lawama haikutafuta njia ya mbali.

"Sasa ni wewe, Osob," Salah alimwambia asubuhi ile, amesimama mlangoni, funguo za gari mkononi. "Nataka jibu kabla ya Alhamisi. Lile shirika la Dadaab limesema hali ikiendelea hivi watatafuta watu wengine."

"Na adeer Korane?"

"Jibu ndilo litakalosema kuhusu Korane."

Adeer ni baba mdogo, na Osob hakuwa na undugu wa damu na Korane. Lakini alipotoka chuoni akiwa na cheti na woga mwingi, Korane, mtu wa Wajir aliyezaliwa nyuma ya ngamia na kuja kuzijua seva ukubwani, ndiye aliyemkalisha kando yake akamfundisha. Alimwita adeer, naye Korane akamrudishia neno hilohilo, kama wanavyoitana Wasomali, mkubwa kwa mdogo. Somo lake la kwanza lilikuwa la maneno mawili: usikisie, pima.

Osob akapima. Alianza na mtandao, kwa kuwa mjini kwao kila kitu kikikwama mtandao ndio husingiziwa kwanza. Mtandao ulikuwa mzima. Akaangalia kichakata, ubongo wa mashine. Kilikuwa kimelala, hakina hata kazi ya kukitoa jasho. Kumbukumbu ya mashine ilikuwa na nafasi tele. Diski peke yake ndiyo iliyokuwa ikisoma na kusoma bila kupumua, mfano wa mtu anayepekua kila sanduku la nyumba nzima akitafuta sindano moja.

Alifurahi kidogo. Mashine ya Korane haikuwa na kosa, na angeweza kulithibitisha hilo kwa namba.

Adhuhuri, baada ya kuswali, aliiamuru seva imwonyeshe ni ulizo gani linaloichelewesha. Haikuchukua hata robo saa. Lilikuwa ulizo moja, jepesi, aliloliandika yeye mwenyewe zamani: leo ukurasa huu umetembelewa mara ngapi? Ili kulijibu, seva ilikuwa ikisoma rekodi zote za Tiro, milioni kumi na nne, moja baada ya nyingine, tangu siku ya kwanza. Haikupaswa kufanya hivyo. Kulikuwa na faharasa, orodha ndogo iliyopangwa inayoiambia seva rekodi za ukurasa fulani ziko wapi, kama ile iliyo mwisho wa kitabu inavyomwambia msomaji afungue ukurasa gani. Korane na yeye waliiweka pamoja mwaka wa kwanza.

Aliitafuta. Haikuwepo.

Nani aiondoe? Mfumo ulikuwa unaweka kumbukumbu ya kila badiliko, pamoja na jina la aliyelifanya. Osob aliipitia orodha kutoka chini kwenda juu, akifuatisha kwa kidole kwenye kioo. Siku aliyohamisha Korane mashine: hakugusa faharasa, alihamisha kila kitu kama kilivyokuwa. Akapanda tena. Siku ya kumi na saba ya Ramadhani, saa tisa na dakika ishirini alasiri. Faharasa imeondolewa. Na kando yake, kwa herufi ndogo, jina: osob.

Kidole kilibaki pale kiooni.

Alikumbuka, na kukumbuka kwenyewe kulikuja mara moja, kama mlango uliosukumwa na upepo. Alasiri ile alikuwa akiingiza rekodi za zamani za shirika la Dadaab, za miaka miwili mizima. Kazi ilikuwa ikijikokota kwa sababu kila rekodi inayoingia ilibidi iandikwe na kwenye faharasa pia. Mafundi hufanya hivi: unaiondoa faharasa, unamimina rekodi zako, ukimaliza unairudisha. Aliiondoa. Akamimina. Rekodi za mwisho zilikuwa zinaingia mama yake alipompigia simu kutoka nyumbani, mtaa wa Iftin: eeddo Sahra, shangazi yake, amewasili kutoka Mandera bila taarifa, na sambusa za futari hazijafungwa hata moja. Osob alifunga kompyuta akijiambia, kesho. Kesho ikaja na shughuli zake. Mwanzoni hakuna kilichochechemea, rekodi hazikuwa nyingi kiasi hicho. Lakini kila siku iliongeza mzigo wake, mpaka seva ikapiga magoti. Na ilipopiga magoti, aliyekuwa ameshika kamba ni Korane.

Aliirudisha faharasa saa ileile. Ilichukua dakika sita kujengwa. Alipofungua michoro ya Tiro, ilitokea kabla hajaondoa mkono kwenye kipanya. Alipima: theluthi ya sekunde.

Salah aliliona hilo kwenye simu yake huko alikokuwa, akaja mbio akipanda ngazi mbili mbili.

"Umeiponya! Wallahi umeiponya! Ilikuwa nini?"

Osob alifungua kinywa. Jibu lilikuwa pale kwenye kioo, mstari mmoja, na angegeuza kompyuta kidogo tu Salah angelisoma mwenyewe. Alilishusha dirisha lile chini ya jingine.

"Kuna mpangilio haukuwa umekaa sawa kwenye seva," alisema.

"Nilijua!" Salah alipiga meza kwa kiganja. "Nilimwambia Korane asihame haraka haraka. Mtu akizeeka na kazi, macho hupita juu ya vitu."

Osob hakusema ndiyo. Hakusema siyo vilevile. Baadaye alijaribu kujitetea moyoni kwamba hakudanganya, kila neno alilotamka lilikuwa kweli. Lakini alijua ni wapi ukweli ulipogeuziwa mgongo.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa za pongezi. Salah aliandikia wateja kwamba fundi wao Osob ameigundua kasoro na kuiondoa. Kila mmoja aliyejibu "shukran" alikuwa kama anamtupia kijiwe. Aliandika ujumbe kwa Korane, Assalaam aleikum adeer, kisha asijue mstari wa pili uanzie wapi, akaufuta. Akauandika tena kesho yake na kuufuta tena. Chakula alikiacha kwenye sahani. Mama yake alimuuliza kama anaumwa, naye akasema ni joto. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na yeye hakuthubutu hata kuonyesha pale ulipoingia.

Alhamisi, katikati ya asubuhi, Khadra alipiga simu kutoka kambi ya Dagahaley, huko Dadaab. Khadra alikuwa mkimbizi aliyekulia kambini na sasa aliajiriwa na lile shirika la Dadaab kuandika matangazo kwenye ukurasa wao: siku za kliniki, siku za mgao, mahali magari ya maji yatakaposimama.

"Nimepiga kushukuru tu, abaayo," Khadra alisema, akimwita dada kwa Kisomali. "Ukurasa umerudi kufunguka. Ungejua tulivyoteseka."

"Mliteseka vipi?" Osob aliuliza, ingawa kitu ndani yake kilimwambia asiulize.

Khadra akaeleza. Wiki iliyopita pampu ya kisima cha upande wao iliharibika, maji yakawa yanaletwa kwa magari. Shirika lilihamisha kituo cha gari kutoka karibu na kliniki kwenda upande wa pili, nyuma ya shule. Khadra aliandika tangazo siku hiyohiyo asubuhi. Lakini ukurasa ulikuwa umeundwa hivi kwamba huita Tiro kwanza, na Tiro isipojibu, hauonyeshi kitu. Kwenye simu ndogo za kambini ulibaki mweupe. Vijana ambao huwasomea mama zao walingoja, wakachoka, wakazima data.

"Siku mbili, abaayo. Wanawake wamepanga madumu yao karibu na kliniki tangu alfajiri, na maji yanamwagwa nyuma ya shule. Siku ya pili, bibi mmoja, Ramlo, alianguka kwa jua. Alilala kliniki. Sasa hajambo, alhamdulillahi."

"Hajambo kabisa?"

"Anatembea. Ila mimi ndiye ninayejikaza tu." Khadra alicheka, kicheko kisicho na furaha. "Wanasema nililificha tangazo makusudi, ili watu wa upande wetu wapate maji kwanza, kwa sababu kwetu ni nyuma ya shule. Nikipita kwenye foleni, salamu hairudi. Lakini Mungu anajua. Haya, nikuache na kazi."

Simu ilipokatika, Osob alifungua rekodi za Tiro za siku zile mbili. Hakutaka, ila mikono ilikwenda yenyewe. Zilikuwepo zote, kwa kuwa Tiro, hata ilipokuwa taabani, haikuacha kuandika. Watu mia nne na kumi na wawili kutoka upande wa Dagahaley walijaribu kuufungua ukurasa wa maji wakaondoka kabla haujatokea. Simu moja ilijaribu mara tisa katika saa moja. Mara ya tisa ilikuwa saa tano na nusu mchana, jua likiwa utosini. Kwa miaka mitatu Osob alikuwa akizitazama rekodi kama hizi akiona mistari. Sasa aliona dumu, na mtu amekaa juu ya dumu, na simu mkononi.

Aliinuka, akajifunga vizuri mtandio wake, akatoka bila kuaga.

Nyumba ya Korane ilikuwa Iftin pia, hatua chache kutoka kwao. Mkewe Shamso alimfungulia lango la mabati, akamkaribisha kwa uchangamfu uliomuumiza Osob kuliko matusi. "Adeer yako yumo. Mwambie apumzike kweli, labda wewe atakusikia."

Korane alikuwa barazani, ameketi kwenye mkeka, daftari lake la jalada jeusi limefunguliwa juu ya goti. Kurasa zilijaa namba. Alipomwona Osob uso ulimng'aa.

"Umekuja wakati mzuri. Nimesikia imepona. Niambie ulikuta nini, kwa maana mimi nimerudia kila hatua ya kuhama na sijaona nilipokosea. Nimefikiri labda diski. Nimefikiri labda nilisahau kitu, sijui." Aligonga paji la uso kwa kalamu. "Nilianza kuamini kwamba Salah anasema kweli. Kwamba nimechakaa."

"Adeer, hukukosea."

"Kumbe ilikuwa nini?"

"Faharasa ya kurasa haikuwepo. Niliiondoa mimi, Ramadhani, nilipoingiza zile rekodi za zamani. Nikasahau kuirudisha."

Korane aliweka kalamu chini. Alifunga daftari polepole.

"Uliligundua lini?"

"Jumatatu."

"Leo ni Alhamisi."

"Ndiyo."

"Salah anajua?"

"Nilimwambia ni mpangilio wa seva. Akadhani ni wewe. Nikamwacha adhani."

Kutoka ndani ilisikika Shamso akipanga vikombe kwenye sinia. Osob alitamani Korane apaze sauti. Hakupaza.

"Kusahau faharasa," alisema hatimaye, "hilo hata mimi limewahi kunipata. Zaidi ya mara moja. Ungeniambia Jumatatu tungecheka. Lakini siku tatu nimekaa hapa nikihesabu makosa ambayo sikuyafanya. Mke wangu ananiona. Jana nilimpigia kaka yangu Wajir nikamuuliza kama ana nafasi ya mtu wa kuuza naye mbuzi." Alilisukuma daftari kando. "Siku tatu, Osob."

Alimwita kwa jina. Katika miaka yote hakuwahi kumwita hivyo.

"Nisamehe."

"Sijui. Usiniulize leo. Na kuniambia mimi hakujamaliza kitu, maana aliyedanganywa si mimi peke yangu."

Shamso alitoka na chai. Osob alikunywa kwa sababu kukataa kungekuwa utovu mwingine wa adabu, kisha akaaga.

Salah alimsikiliza akiwa amesimama. Rangi ya uso ilimbadilika mara mbili: kwanza kwa hasira, kisha kwa kitu kinachofanana na aibu, labda alikuwa anayakumbuka maneno yake kuhusu wazee na macho. Alizungukazunguka chumba.

"Nitampigia Korane," alisema.

"Kupiga simu hakutoshi. Ulimtoa hapa kwa mdomo wako, ana kwa ana."

Salah alimtazama, akitaka kukasirika tena, akashindwa. "Sawa. Nitakwenda. Lakini mambo haya yaishie humu ndani. Mteja ameridhika. Mteja hana haja ya kujua nani alisahau nini."

"Dagahaley kuna mwanamke anaitwa mwongo kwa sababu yangu."

"Tukiwaambia watatuacha."

"Huenda." Osob alijifunga mtandio upya. "Mimi nitakwenda kuwaambia, Salah. Kama itabidi niende nikiwa si mfanyakazi wako, nitakwenda hivyohivyo."

Salah hakumfukuza. Alisema tu kwamba ataiandika barua kwa shirika yeye mwenyewe, na kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mtu atakayeigusa seva peke yake. Jioni alikwenda kwa Korane. Walichozungumza Osob hakukijua. Alichokijua ni kwamba Jumatatu iliyofuata miwani na tasbihi vilirudi mezani, na Korane alimsalimu kwa heshima, akamuuliza kuhusu kazi, na hakumwita adeer.

Wiki hiyo Osob alipanda gari la shirika kwenda Dadaab, na kutoka Dadaab hadi Dagahaley. Kazi ya kwanza aliifanya katika kijiofisi cha Khadra: aliuunda upya ukurasa wa matangazo ili uonyeshe maneno kwanza, na Tiro ihesabu baadaye kama ina nafasi. Hata Tiro ikifa kabisa, tangazo lisikwame. Khadra alikuwa amekwisha kuisoma barua. Hakusema mengi. Alimwekea Osob kiti, akamwashia feni, akamwacha afanye.

Kisha wakaenda pamoja nyuma ya shule, ambako gari la maji lilikuwa likingojwa. Wanawake kama arobaini walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha ukuta, madumu ya manjano yamepangwa mbele yao kwa mstari. Khadra alitoa salamu. Waliojibu walikuwa wachache.

Osob alisimama. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, na sasa yote yalimtoroka. Alisema kwa Kisomali, kwa sauti isiyotosha, kisha akarudia kwa nguvu zaidi. Kwamba anaitwa Osob, anatoka Garissa. Kwamba zile siku mbili ambazo ukurasa ulibaki mweupe, kosa lilikuwa lake. Aliacha kazi nusu akaisahau. Kwamba Khadra aliliandika tangazo asubuhi ileile, saa mbili kasorobo, na rekodi anayo, yeyote anayetaka aje aione. Na kwamba alipolijua kosa lake alikaa siku tatu bila kusema, na hilo nalo anawaomba radhi.

Mtoto mmoja alilia akanyamazishwa. Kisha kikongwe mwembamba, aliyekaa juu ya dumu lililogeuzwa, akauliza, "Aliandika kweli?"

"Aliandika, ayeeyo," Osob alijibu, akimwita bibi.

"Saa mbili?"

"Kasorobo."

Mwanamke wa kando alimnong'oneza Osob kwamba huyo ndiye Ramlo. Alikuwa na bandeji ndogo kwenye kiwiko, pale alipoangukia. Osob alipiga magoti mchangani mbele yake, akaugusa tu mkono wake. Ramlo aliuacha mkono uguswe. Hakusema amesamehe, na hakusema hajasamehe. Alimtazama Osob kitambo, jinsi mtu anavyomtazama mnyama mgeni zizini kujua kama ni mzima, halafu akageuza uso kwa Khadra.

"Na kesho, gari litasimama wapi?"

"Hapahapa, ayeeyo," Khadra alisema. "Kesho na keshokutwa. Likihama nitaandika, na nitakuja kukuambia mwenyewe."

"Haye," alisema Ramlo.

Mngurumo wa gari la maji ulisikika upande wa barabara. Wanawake waliinuka, kila mmoja akashika madumu yake, na Osob akainuka pamoja nao, magoti yamejaa vumbi, akashika dumu la Ramlo na kusimama kwenye foleni.